Mtu wa Kutafuta Fedha za Chuo: Tumpateje, na Tumlipeje?

Somo kwa kamati za parokia na marafiki wa vyuo vya jamii



Ndugu wanakamati, ndugu wafadhili na marafiki, somo letu la robo hii linahusu jambo linaloahirishwa katika vikao vingi. Kujenga madarasa tunajua. Harambee ya bati na saruji tunaijua pia. Lakini chuo cha ufundi kikishafunguliwa kinahitaji fedha kila mwezi: mishahara ya walimu, umeme, vitambaa vya darasa la ushonaji, mbao za useremala, ada ya binti aliyefiwa na baba katikati ya muhula. Nani anazitafuta fedha hizo? Mara nyingi ni mkuu wa chuo, yule yule anayefundisha, anayesimamia mabweni na anayekwenda Babati mjini kununua unga. Akichoka yeye, chuo nacho kinachoka.

Ndipo mjumbe mmoja husimama kikaoni na kusema, "Tuajiri mtu wa kututafutia fedha." Wazo ni jema. Hatari iko katika sentensi inayofuata: "Tusimlipe mshahara, hatuna. Tumpe asilimia kumi ya atakacholeta." Wajumbe huitikia, kwa kuwa inaonekana hakuna cha kupoteza. Somo hili linataka kuonyesha kwamba kuna mengi ya kupoteza, na kwamba iko njia nyingine ambayo hata parokia ndogo inaiweza.

1. Tulikotoka

Kazi ya kutafutia fedha chuo cha wananchi si ngeni katika nchi yetu. Mwaka 1961 kilifunguliwa Chuo cha Kivukoni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam, ili watu wazima ambao hawakupata nafasi ya kusoma sana wajifunze uongozi, uchumi na siasa ya nchi yao. Mfano wake ulikuwa Ruskin, chuo cha wafanyakazi kilichoko Oxford, Uingereza. Fedha za kukianzisha zilitokana na michango ya wananchi wa Tanganyika na ya marafiki wa nje. Mmoja wa watu waliobeba kazi hiyo ya kuzitafuta alikuwa mwanamke Mwingereza, Joan Wicken. Baadaye akawa msaidizi wa Mwalimu Nyerere kwa zaidi ya miaka 30, na alijulikana kwa kuishi maisha ya kawaida kabisa. Kivukoni ya jana ndiyo leo Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, jina lililoanza mwaka 2005.

Tujifunze nini hapo? Wicken mwenyewe alipata kusoma Ruskin. Alipomwomba mtu mchango hakuwa anauza kitu asichokijua, maana alikuwa ameona kwa macho yake jinsi chuo cha namna hiyo kinavyombadilisha mfanyakazi wa kawaida. Tena, kazi ya Kivukoni ilipokwisha hakuondoka na fungu lake. Alibaki na watu aliokuwa akiwaombea.

Somo la pili linatoka katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Vilianza mwaka 1975 kwa msaada mkubwa wa Sweden, ambako vyuo vya namna hiyo vilikuwapo tangu mwaka 1868. Vikafika zaidi ya 50 nchi nzima, na kwetu Manyara kipo Tango, wilayani Mbulu. Msaada ule uliendelea hadi miaka ya 1990, kisha ukakoma. Vyuo vingi vikabaki na majengo yanayochakaa na karakana zenye mashine zisizo na vipuri. Walimu walikuwapo na wanafunzi walikuwapo. Ambaye hakuwapo ni mtu wa kujenga urafiki mpya kabla urafiki wa zamani haujakoma. Mfadhili mmoja mkubwa anaweza kutusahaulisha kutafuta wadogo mia moja.

2. Maandiko yanasemaje

Someni Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8 na ya 9. Mtume Paulo anachangisha fedha kwa ajili ya waamini maskini wa Yerusalemu, na tunamwona anavyopanga watumishi wa kazi hiyo. Anamtuma Tito, ambaye Wakorintho wanamfahamu. Anamwongezea ndugu mwenye sifa njema katika makanisa, ambaye makanisa yenyewe yalimchagua asafiri na mchango ule. Anamwongeza na wa tatu, ambaye bidii yake ilikwisha kupimwa mara nyingi. Kisha anaeleza sababu: hataki mtu yeyote apate neno la kuwalaumu juu ya fedha hizo, nao wanakusudia mambo yawe mema mbele ya Bwana na mbele ya watu pia.

Hapo kuna kanuni tatu za kuajiri: mtu anayefahamika, mtu aliyechaguliwa na wengi, na mtu aliyejaribiwa. Paulo hakuridhika na uaminifu wa moyoni tu, bali aliweka utaratibu ambao mtu wa nje angeweza kuuona.

Someni pia Nehemia, sura ya 1 na ya 2. Alifunga na kusali, ikapita miezi kama minne ndipo akapata nafasi ya kusema na mfalme. Mfalme alipomuuliza anataka nini, jibu alikuwa nalo tayari: muda atakaokuwa safarini, barua za kumpitisha kwa watawala wa njiani, na barua kwa mtunza msitu wa mfalme ili apewe miti ya malango, ya ukuta na ya nyumba. Hakusema "tusaidie chochote". Alijua ni miti, alijua ni ya nini, na alijua nani anayeitunza.

3. Kwa nini si kwa asilimia

Tuchukue mfano wa kukadiria. Chuo kinahitaji shilingi milioni 40 kuezeka karakana. Mtu wenu wa asilimia kumi anampata mfadhili, na fedha zote zinaingia. Milioni 4 zinakwenda kwake, zinabaki milioni 36. Karakana haijaisha kuezekwa. Mfadhili anakuja kutembelea, anatazama juu, anauliza. Mtamjibu nini? Mkimweleza ukweli, atahisi amedanganywa, kwa kuwa alitoa kwa ajili ya bati. Mkimficha, mmekwisha kupotea zaidi.

Hayo si yote. Malipo ya asilimia yanabadilisha moyo wa kazi yenyewe kwa namna nne:

(a) Anayelipwa kwa asilimia hawezi kumtembelea bibi anayetoa shilingi 2,000 kila mwezi, kwa sababu fungu lake hapo ni shilingi 200. Atawaacha watoaji wadogo, na hao ndio uti wa mgongo wa chuo.

(b) Atasukumwa kutia chumvi. Wanafunzi 40 watakuwa 140, na umaskini wa familia utaelezwa kwa namna ambayo familia yenyewe ingeona aibu kuisikia.

(c) Atataka fedha leo. Lakini urafiki wa kweli huchukua mwaka au miwili, na urithi ambao mtu anauandika katika wosia huchukua miaka mingi zaidi.

(d) Utazuka ugomvi. Parokia rafiki ya ng'ambo iliyokuwa ikituma mchango kila Kwaresima tangu zamani ikituma tena, je, ni fedha "alizozileta" yeye? Vikao vitaisha kwa kubishana juu ya hilo.

Kwa sababu kama hizo, chama cha kitaaluma cha wachangishaji fedha cha Marekani, AFP, kinawakataza wanachama wake kulipwa kwa asilimia ya wanachokusanya. Kama wenye uzoefu mkubwa wamelikataa jambo hilo, sisi wenye uzoefu mdogo tusilikimbilie.

4. Mshahara utatoka wapi

Hili ndilo swali gumu, tusilikwepe. Tukadirie kwa mfano tu: mshahara wa shilingi 900,000 kwa mwezi ni 10,800,000 kwa mwaka. Mchango wa mwajiri NSSF wa asilimia 10 ni 1,080,000. Nauli na simu za shilingi 200,000 kwa mwezi ni 2,400,000. Jumla ni shilingi 14,280,000.

Sasa, mwaka wa kwanza mtu huyo anaweza kuleta milioni 12 tu. Kamati itasema, "Tumepata hasara, aondoke." Hapo ndipo wengi wanapokosea. Ni sawa na mkulima anayeng'oa mparachichi mwaka wa pili kwa kuwa haujazaa. Mwaka wa kwanza ni wa kuandaa orodha, kutembelea watu na kurudisha imani iliyopotea. Matunda yatazamwe mwaka wa pili na wa tatu.

Kama mzigo ni mkubwa kwa chuo kimoja, vyuo vitatu vya jirani viajiri mtu mmoja kwa pamoja. Kila kimoja kitachangia shilingi 4,760,000 kwa mwaka, chini ya laki nne kwa mwezi. Waandikiane makubaliano mapema jinsi siku zake zitakavyogawanywa, na kwamba mfadhili aliyekusudia chuo fulani, fedha zake ziende huko huko.

5. Kabla ya kutangaza nafasi

Mtafuta fedha si mganga. Hawezi kuwashawishi watu wakiamini chuo ambacho wajumbe wake wenyewe hawakiamini. Kabla ya kubandika tangazo, kamati ihakikishe ina vitu hivi mezani:

- Hati ya usajili wa chuo, na akaunti ya benki yenye watia saini wasiopungua wawili ambao si ndugu.
- Hesabu za mwaka uliopita zilizokaguliwa. Kama zina dosari, dosari iandikwe pamoja na hatua iliyochukuliwa.
- Orodha ya wahitimu wa miaka mitatu na mahali walipo sasa: aliyejiajiri, aliyeajiriwa, aliye nyumbani.
- Ukurasa mmoja unaotaja mahitaji matatu kwa mpangilio, kila moja na gharama yake.
- Orodha ya wajumbe wa kamati na kiasi ambacho kila mmoja ametoa mwaka huu. Kama wajumbe hawajatoa, mgeni atatoaje?

Mkikosa viwili au vitatu kati ya hivyo, ahirisheni ajira kwa miezi mitatu na mvitengeneze kwanza. Haitakuwa aibu. Nehemia naye alipofika Yerusalemu aliuzunguka ukuta usiku na kutazama mabomoko kabla hajawaambia watu neno.

6. Mtu wa namna gani, na tumpate wapi

Tusitafute msemaji hodari tu. Tunahitaji mtu anayesikiliza, anayeandika Kiswahili na Kiingereza kwa ufasaha, anayetunza kumbukumbu, na anayeshika ahadi ndogo. Ajue kuandaa andiko la mradi, lakini ajue pia kukaa chini ya mti na kikundi cha akina mama. Ajue majira ya watu wetu. Mkulima wa Babati haombwi mchango mwezi Februari anaponunua mbolea. Anaombwa baada ya mavuno ya mahindi na mbaazi. Tena akumbuke mwaka 2017, India ilipozuia sehemu kubwa ya mbaazi kuingia kwake na bei ikaanguka mashambani mwetu. Chuo kinachotegemea zao moja, au mfadhili mmoja, kiko katika hatari ile ile.

Ajue vilevile kutofautisha huruma ya dharura na utoaji wa kudumu. Maporomoko ya tope yalipoipiga Katesh, wilayani Hanang, mwezi Desemba 2023, watu wengi walitoa haraka, wakafanya vema. Lakini darasa la ufundi bomba halina picha ya kutoa machozi. Linahitaji mtu wa kulieleza polepole, mwaka hadi mwaka.

Watu hao wapo. Wapo walimu wastaafu wanaoheshimika, maafisa ushirika, watumishi wa SACCOS, na waliofanya kazi katika miradi ya maendeleo iliyokwisha muda wake. Wapo wahitimu wa Chuo cha Mipango Dodoma, wa Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru na wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Tusisahau wahitimu wa chuo chetu wenyewe. Fundi cherehani aliyejiendeleza na leo ana duka lake karibu na stendi anaweza kukielezea chuo kuliko mgeni mwenye shahada mbili. Stadi za maandiko hufundishika. Kukipenda chuo ni vigumu zaidi kukufundisha.

Tangazo lisomwe kanisani, libandikwe sokoni na kwenye ofisi za kata, litumwe na kwa parokia za jirani. Nafasi isipitie mlango wa nyuma. Hata kama mpwa wa mwenyekiti anafaa kweli, aombe kama wengine, na mwenyekiti atoke chumbani wakati wa usaili.

7. Usaili wa vitendo

Badala ya kuuliza "una uzoefu wa miaka mingapi", mpeni kila mwombaji kazi hizi:

Kwanza, aandike barua mbili kwa mkono, kila moja nusu ukurasa. Moja ya kumshukuru mjane aliyetoa shilingi 5,000. Nyingine ya kumweleza mfadhili wa ng'ambo kwamba ujenzi umechelewa miezi minne kwa kosa letu. Barua ya kwanza itaonyesha heshima yake kwa watu wadogo, na ya pili itaonyesha ukweli wake mbele ya wakubwa.

Pili, mpeni hesabu za chuo kwa saa moja, kisha aseme ni swali gani mfadhili atauliza.

Tatu, mwulizeni: "Ni mchango gani ungeukataa?" Asiye na jibu hajafikiri bado juu ya kazi hii.

Nne, aeleze mara aliyoomba akanyimwa, na alichofanya baada ya hapo.

Halafu wapigieni simu waliowahi kufanya naye kazi, wasiopungua wawili, mkiuliza wazi juu ya fedha. Sifa njema katika makanisa, kama ya yule ndugu wa Paulo, haipatikani kwenye karatasi ya maelezo binafsi.

8. Akishaajiriwa

Apewe mkataba wa maandishi, kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inavyotaka mwajiri aandike masharti ya kazi. Asiwe yeye anayepokea na kutunza fedha. Anayeomba awe mmoja, mtunza hazina awe mwingine. Kila mchango, hata wa simu, uingie katika akaunti ya chuo na utolewe stakabadhi. Mchango kuingia katika namba ya simu ya mtu binafsi upigwe marufuku tangu siku ya kwanza, kwa faida yake yeye kuliko ya mwingine yeyote.

Orodha ya wafadhili ni mali ya chuo, naye hataondoka nayo. Picha na habari za wanafunzi zisitumike bila ridhaa yao. Heshima inadai hivyo, na sasa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inadai hivyo.

Mwaka wa kwanza msimpime kwa fedha peke yake. Pimeni pia idadi ya watu aliowatembelea, barua za shukrani zilizotoka ndani ya wiki moja, taarifa zilizofika kwa wakati, na wangapi waliotoa mwaka jana wametoa tena. Na ninyi wajumbe msikae mkisubiri. Paroko na mwenyekiti waende naye kwa watu wakubwa, kwa maana mlango wa nyumba ya mtu hufunguliwa na anayemjua.

9. Neno kwa wafadhili

Ndugu marafiki, nanyi mna sehemu yenu. Mara nyingi tunasikia, "Tunafadhili jengo, hatufadhili mshahara." Tunaielewa hofu yenu. Lakini fikirini: jengo linapokea msaada mara moja, na mtu mzuri katika kazi hii anaweza kukiwezesha chuo kisirudi kwenu kila mwaka na ombi lile lile. Mnaweza kulipa gharama yote mwaka wa kwanza, nusu mwaka wa pili, robo mwaka wa tatu, kisha mkaacha. Wekeni masharti: hesabu zikaguliwe, taarifa itolewe kila robo mwaka, na chuo kionyeshe sehemu yake inakotoka. Msaada wa namna hiyo una tarehe ya mwisho inayojulikana na pande zote tangu mwanzo, na chuo kinapata muda wa kujiandaa. Vyuo vingi havikupata nafasi hiyo katika miaka ya 1990.

Maswali ya kujadili katika kikao

1. Katika fedha za chuo chetu za mwaka uliopita, sehemu gani ilitoka kwa mtoaji mmoja? Akisimama leo, tutafika mwezi gani?
2. Kati ya vitu vitano vya sehemu ya 5, vingapi tunavyo mezani leo?
3. Someni 2 Kor 8:16-24. Nani katika eneo letu ana sifa za wale ndugu watatu? Kuna anayemfahamu?
4. Kuna chuo gani jirani tunachoweza kushirikiana nacho kuajiri mtu mmoja?
5. Mara ya mwisho tulimwandikia lini barua ya shukrani mtu aliyetoa chini ya shilingi 10,000?

Kabla kikao hakijafungwa, mjumbe mmoja apewe jukumu la kuleta majibu ya swali la 2 kwa maandishi katika kikao kijacho, na tarehe iandikwe katika muhtasari. Yule binti wa darasa la ushonaji, ambaye ada yake ya muhula ujao haijulikani itatoka wapi, hawezi kusubiri tuahirishe tena.